Ngeli ya Saba na Koo za Virusi: Majina ya Maradhi kati ya Upare, Newala na Unguja

Jina Bombo lina wenyewe zaidi ya mmoja. Kuna Bombo ya wilaya ya Same, katika milima ya Upare Kusini, ambako lugha ya nyumbani ni Chasu. Kuna Bombo ya mjini Tanga, ambayo watu wa pwani huitaja zaidi kwa sababu ya hospitali ya mkoa. Kuna tena Bombo ya Uganda, kaskazini ya Kampala, mji wa kambi ya jeshi na wa Wanubi. Mgonjwa akisema ametoka Bombo, karani wa hospitali ya Moshi atamwelewa kwa namna moja na karani wa Kampala kwa namna nyingine. Katika mazungumzo ya kila siku utata huu hauna madhara, kwa kuwa muktadha huumaliza.

Lakini chukulia kwamba mtafiti wa miaka ya 1940 angekamata mbu katika mojawapo ya Bombo hizo, akapata ndani ya mbu hao kirusi kisichojulikana, akakiita kirusi cha Bombo. Ndivyo majina yalivyotolewa wakati huo. Taasisi ya utafiti wa homa ya manjano iliyoanzishwa Entebbe mwaka 1936 iliupa ulimwengu majina ya Bwamba, Bunyamwera, Semliki, Ntaya na Zika, na yote ni majina ya mahali. Baada ya miaka thelathini hivi jina la Bombo lingekuwa limekwisha kukatwa, kutiwa kiambishi tamati cha Kilatini na kutwikwa ukoo mzima wa virusi walioenea mabara yote. Na kwa kulitazama jina peke yake asingepatikana mtu wa kusema kama asili yake ni Same, Tanga au Uganda.

Mhadhara huu unahusu kazi mbili ambazo mara nyingi huchanganywa: kazi ya kuita na kazi ya kuainisha. Jina hufuata kinywa cha aliyelisema kwanza, au mahali lilipookotwa. Uainishaji, ukiwa wa haki, hufuata nasaba. Kazi hizo zikichanganywa, wa kwanza kupotea ni msomaji wa vitabu, na wa pili ni mgonjwa.

Wanaisimu hawana sababu ya kuwacheka wataalamu wa virusi katika jambo hili. Jina Pare lenyewe ni ushahidi. Ni jina la milima. Ni jina la watu. Liliwahi kuwa jina la wilaya moja kabla ya kuwapo wilaya mbili za Same na Mwanga. Na katika miaka ya 1950 lilikuwa nusu ya jina la mpango wa malaria wa Pare-Taveta, ambao nyumba za tambarare zilizo chini ya milima hii na za upande wa Taveta zilipigwa dawa ya dieldrini hata mbu aina ya Anopheles funestus akatoweka katika eneo lililopigwa dawa. Katika mpango huo “Pare” haikuwa lugha wala kabila, bali eneo la kupiga dawa. Anayesikia “Kipare” hudhani ni lugha moja, ilhali chini ya jina hilo zimo mbili. Ipo Chasu, inayosemwa Bombo na sehemu kubwa ya milima, ambayo Malcolm Guthrie aliipa msimbo G.22 na kuiweka pamoja na Kitaveta, Kishambaa na Kibondei. Na kipo Kigweno cha kaskazini, ambacho katika mpango uleule ni E.65, yaani ndugu wa lugha za Kichaga. Wasemaji wa lugha hizi mbili wameoana na kukaa jirani kwa muda mrefu, wameazimana maneno, na nje ya milima huitwa kwa jina moja. Nasaba za lugha zao ni mbali mbali.

Ni vema kukumbusha kwamba hata msimbo wa Guthrie ni anwani zaidi kuliko nasaba. Herufi zake ni kanda za ramani, na baadhi ya makundi yake yamepanguliwa na utafiti wa baadaye. Hata hivyo misimbo inaendelea kutumika, kwa sababu kila mtu anaijua. Hali ya virusi ni hiyo hiyo.

Kabla ya kuingia katika majina yenyewe, neno lenyewe linahitaji maelezo mafupi. Katika Kilatini virus ni sumu, nalo ni neno la umoja. Kiswahili kilipolipokea kwa sura ya virusi, sikio la Kibantu lilisikia vi- ya wingi, likaliweka katika ngeli ya 8, na kutoka hapo likazaa umoja wake, kirusi, kama vile kitabu cha Kiarabu kilivyozaa vitabu. Wapo wanaolikataa neno kirusi kwa kuwa lafanana na jina la lugha ya Urusi. Kufanana huko hakujamzuia mtu yeyote kuelewa. Hapa virusi vitakuwa virusi, na kimoja kitakuwa kirusi.

Kamati ya kimataifa ya uainishaji wa virusi ilianza kazi mwaka 1966. Mfumo wake wa majina unaweza kuelezwa kwa mwanafunzi wa Kiswahili kwa sentensi moja: ni mfumo wa ngeli, ila alama yake iko nyuma badala ya mbele. Mwenye kuona -virus mwishoni mwa jina moja anajua ni jenasi. -Viridae ni familia, au ukoo. -Virales ni oda. -Viricetes ni ngazi iliyo juu ya oda. Kama vile m-, ki- na u- hutangulia na kumwambia msikilizaji kinachokuja ni cha jamii gani, viambishi hivi hufuata na kumwambia msomaji kilichopita kilikuwa cha ngazi gani. Tofauti ni kwamba ngeli ya Kibantu hutawala sentensi nzima, ikadai upatanisho wa kitenzi na kivumishi, ilhali kiambishi cha Kilatini hakidai chochote nje ya neno lake.

Kinachowekwa mbele ya viambishi hivyo ndicho chenye matatizo. Mwaka 1943, katika nchi ya Bwamba magharibi mwa Uganda, watafiti wa Entebbe walipata kirusi ndani ya mbu, wakakiita Bunyamwera. Vilipokuja kujulikana virusi vingi vinavyofanana nacho, mwaka 1975 ukaundwa ukoo wa Bunyaviridae. Mwenye kuzoea majina kama Banyarwanda na Banyankole atashawishika kulikata jina la asili hivi: bu-nya-mwera, kiambishi cha nchi, kiambishi cha wenyeji, kisha mzizi. Iwapo mkato huo ni sahihi, basi waliounda jina la ukoo walichukua viambishi viwili vitupu na kuutupa mzizi. Ni sawa na mtu anayetaka kulifupisha jina Wanyamwezi akabakiza wanya-. Kwa mtaalamu wa virusi hilo si kosa, kwa kuwa kwake bunya ni sauti tu ya kushikia. Kwa mwanaisimu ni kichekesho kilichodumu zaidi ya miaka arubaini.

Kilidumu, lakini hakikubaki kama kilivyokuwa. Ulinganishaji wa jenomu ulionyesha kwamba ukoo huo ulikuwa umekusanya virusi wenye nasaba zilizoachana mno. Mwaka 2017 Bunyaviridae ilifutwa. Yaliyokuwa ndani yake yaligawanywa katika koo kadhaa: Peribunyaviridae, ambamo bunya imebaki ikiwa na kiambishi cha Kigiriki mbele yake, Hantaviridae, kutokana na mto Hantaan wa Korea, Nairoviridae, iliyokatwa kutoka Nairobi kwa sababu ya ugonjwa wa kondoo ulioelezwa huko mapema katika karne ya 20, na Phenuiviridae, jina lililoungwa kwa vipande vya majina mawili, Phlebovirus na Tenuivirus, ambamo hukaa kirusi cha homa ya Bonde la Ufa. Mfugaji wa tambarare za Same anayeijua homa hiyo kwa kuona mimba za mifugo zikitoka hana habari kwamba adui wake amehamishwa ukoo. Wala hana haja nayo. Ugonjwa ni uleule na chanjo ya ng'ombe ni ileile. Mwenye haja ni yule anayetengeneza kipimo, kwa sababu kipimo hufuata nasaba ya kirusi wala hakifuati jina.

Majina ya mahali, hata hivyo, ni sehemu nyepesi ya habari hii. Sehemu nzito ni majina yaliyotoka katika lugha zenyewe, yakiwa na sarufi yake.

Mwaka 1952, katika uwanda wa juu wa Makonde, wilaya ya Newala, ulizuka ugonjwa wa homa ya ghafla na maumivu makali ya viungo. Uwanda huo una shida ya maji. Watu waliyateka mbali na kuyahifadhi majumbani katika vyombo, na mbu wakazaliana humo. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walieleza mlipuko huo katika maandishi ya mwaka 1955, na R. W. Ross akakitenga kirusi. Jina walilolichukua lilikuwa la wenyeji: chikungunya. Vitabu vingi vya tiba, na magazeti mengi zaidi, yamesema kwamba hilo ni neno la Kiswahili. Si la Kiswahili. Ni la Kimakonde, na limehusishwa na kitenzi kungunyala, chenye maana ya kukunjamana au kukauka na kupindika. Mgonjwa hutembea ameinama kwa sababu viungo havinyooki.

Kosa la kuliita neno la Kiswahili lina sababu yake, na sababu hiyo yafaa kuangaliwa. Chi- ya chikungunya ni kiambishi cha ngeli ya 7, ndugu wa ki- ya Kiswahili, na ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika jina Chasu, ambamo imekutana na irabu kama ilivyokutana nayo katika chombo na chakula. Ngeli hii Kiswahili kimeifanya kuwa nyumba ya maradhi. Hesabu iliyo rahisi inatoa kifafa, kichocho, kifaduro, kisonono, kisukari, kiharusi, kichomi, kikohozi, kiungulia, kizunguzungu na kichaa. Kwa wanyama kuna kimeta na kideri. Na hata maradhi yanayoitwa kwa kiungo cha mwili, kama kifua kikuu, yamejikuta humo. Sarufi za shule husema ngeli ya ki-/vi- ni ya vitu. Maelezo hayo hayatoshi. Ngeli ya 7 katika lugha nyingi za Kibantu hubeba pia namna ya kufanya jambo na hali isiyo ya kawaida, na ndiyo maana ulemavu na maradhi yamekaa humo pamoja na majina ya lugha.

Mfano ulio karibu kabisa na chikungunya ni kipindupindu. Humo mna mzizi uleule wa kupinda na kupindua, umerudufiwa, umetiwa ki-. Mmakonde na Mswahili, kila mmoja kwa lugha yake, wametazama mwili uliopinda wakaujengea jina kwa mbinu moja: kitenzi cha umbo la mwili ndani ya ngeli ya 7. Majina haya ni maelezo ya dalili yaliyofupishwa kwa sarufi. Msemaji wa lugha husika akilisikia kwa mara ya kwanza anaweza kukisia ugonjwa humfanya nini mtu. Mara jina linapotoka nje ya lugha yake, uwezo huo hupotea. Ugonjwa ulipozuka Lamu mwaka 2004, kisha Mombasa, ukavuka hadi Komoro na Réunion na kufika India mwaka 2006, jina lilisafiri nao likiwa limekufa ganzi. India wapo waliosikia ndani yake neno la Kiingereza chicken, wakaogopa kula kuku. Jina lililojaa maana Newala lilikuwa limejazwa maana ya uongo.

Kiswahili nacho kina jina lake, na safari yake ni ya kutatanisha zaidi. James Christie, daktari aliyekuwa Zanzibar, aliandika mwaka 1872 juu ya maradhi yaliyoenea kisiwani mwaka 1870, ambayo wenyeji waliyaita kidinga pepo; wazee walimweleza kwamba maradhi hayo yaliwahi kuja miaka mingi nyuma, yapata 1823. Kamusi za baadaye zimeandika kidinga popo au kidingapopo. Ki- ya ngeli ya 7 ipo tena mahali pake. Inaaminiwa na wengi kwamba dinga hiyo ndiyo iliyofika visiwa vya Karibi katika miaka ya 1820, ikasikika kwa masikio ya Kihispania kama dengue, neno lililokuwapo tayari lenye maana ya madaha na kujishongondoa, likawafaa wagonjwa waliotembea kwa ukakamavu. Kutoka hapo dengue ikawa jina la kitaalamu la kirusi cha ukoo wa Flaviviridae, ukoo wa homa ya manjano, na katika majina mapya ya maneno mawili kinaitwa Orthoflavivirus denguei. Nadharia hii ya asili ya neno haijafungwa, lakini haijapata mshindani mwenye nguvu.

Tatizo liko kwingine. Mwaka 1971 Donald Carey alizipitia upya taarifa za kale, zikiwamo za Christie, akaonyesha kwamba maradhi ya Zanzibar ya 1823 na 1870, yenye maumivu ya viungo yaliyodumu, yanafanana zaidi na chikungunya kuliko na dengi. Chikungunya ni wa ukoo wa Togaviridae, jenasi ya Alphavirus. Koo hizi mbili hazina udugu wa karibu, ingawa zamani virusi vyao viliwekwa katika orodha moja ya “kundi A” na “kundi B” la virusi vya wadudu. Hoja ya Carey ikikubaliwa, basi Kiswahili kililipa jina la ugonjwa mmoja kwa kirusi cha ugonjwa mwingine. Na ugonjwa uliobaki bila jina ulingoja zaidi ya miaka themanini hadi Wamakonde walipouita. Ni ile ile habari ya Pare: jina moja juu, nasaba mbili chini.

Jina la tatu la aina hii ni o'nyong'nyong, la Kiacholi, lugha ya Kiniloti. Ugonjwa huo ulizuka kaskazini mwa Uganda mwaka 1959, ukaenea Kenya na Tanganyika na kuwapata watu wanaokadiriwa kuwa milioni mbili. Kirusi chake ni ndugu wa karibu sana wa chikungunya, lakini huenezwa na mbu wa malaria. Hapa wenyeji walikuwa wametenga kwa jina yale ambayo maabara yalikuja kuyatenga kwa vipimo. Ila tangu kamati ya kimataifa ilipoamua mwaka 2021 kwamba kila spishi iwe na jina la maneno mawili, kirusi hiki kimekuwa Alphavirus onyong. Ving'ong'o viwili vimebaki, lakini king'amuzi cha juu kimeondoka na urudufu umekatwa. Chikungunya kimepata bahati nzuri zaidi: Alphavirus chikungunya, neno zima.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba magonjwa mapya yasiitwe kwa majina ya mahali, ya watu wala ya wanyama. Ushauri huo ni wa busara kuhusu mahali, na kisa cha Bombo kinatosha kuutetea. Lakini haukukataza majina ya dalili yaliyojengwa kwa lugha yoyote. Tanzania ilipounda UVIKO-19 kutokana na maneno ugonjwa wa virusi vya korona, ilifuata njia ya UKIMWI, njia ya kifupisho. Kifupisho hutamkika na hukumbukika; hakimwelezi mgonjwa chochote juu ya mwili wake.

Uzito wa suala hili unaonekana katika mkoa wa Kilimanjaro wenyewe. Mwaka 2013 ilichapishwa taarifa ya utafiti uliofanywa katika hospitali mbili za Moshi miaka ya 2007 na 2008, juu ya wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Wagonjwa 528 kati yao waliandikiwa kuwa wana malaria. Waliokuwa na malaria kweli ni 14. Kati ya 700 waliopimwa virusi, 55 walikuwa na chikungunya. Katika hospitali za mkoa ule ule iliko Bombo ya Same, ugonjwa wenye jina la Kibantu, lililojengwa kwa ngeli ambayo kila Mpare anaitumia kuitaja lugha yake, ulikuwa ukilazwa wodini chini ya jina la Kiitalia lenye maana ya hewa mbaya.

Lawama hiyo si ya waganga peke yao. Kwa wasemaji wengi wa Kiswahili malaria na homa yamekuwa visawe, na mgonjwa hufika hospitalini akiwa ameshataja jina kabla hajataja maumivu. Vipimo vilikuwa adimu, na daktari aliandika alichoambiwa. Kamusi nazo zina sehemu yao: zinafasiri kidingapopo kuwa homa ya dengi, basi, bila kumwonya msomaji kwamba neno hilo ni la kale kuliko kirusi kinachofasiriwa nalo. Tarehe ya 1870 na maelezo ya dalili zilizoandikwa wakati huo yangechukua mistari miwili.

Chasu ilipata sarufi yake iliyochapishwa mapema, ile ya Ernst Kotz ya mwaka 1909, na imo katika Atlasi ya Lugha za Tanzania ya mwaka 2009. Msamiati wake wa maradhi unastahili kukusanywa kwa utaratibu mwingine na ule wa orodha ya kawaida ya maneno. Mkusanyaji anayekwenda Bombo na daftari lenye safu ya Kiswahili upande mmoja atauliza “malaria” mnaitaje, na atajibiwa, na jibu litaingia katika safu ya pili. Afadhali aanze kwa kumwomba mzee asimulie homa alizowahi kuugua, moja baada ya nyingine: ipi ilimwinamisha, ipi ilimtoa vipele, ipi ilimwacha na vidole visivyofunga ngumi mwezi mzima baada ya kupona, na aandike jina la kila moja pale linapotokea lenyewe katika masimulizi, pamoja na ngeli yake.